Ukifika Kwenye Jiwe Lililopasuka

Bugarika nyumba hazina namba.
Nyanzobe alinielekeza kwa simu, banda likipiga kelele nyuma yake:
"Panda ngazi hadi jiwe lenye tangazo la simenti.
Lipite. Utaona jiwe lililopasuka, mkuyu umeota katikati.
Hapo usiulize mtu. Fuata harufu."

Nikaifuata, na kisanduku cha barafu begani,
mkasi, vichupa vya plastiki,
na kibali cha mifugo kilicholowa jasho mfukoni.

Homa ilikuwa imepita mwezi wa nne.
Mabanda kumi na moja mlimani, chokaa tupu.
Kule Mkuyuni majiko ya kitimoto yalilala baridi,
wapishi wakicheza drafti juu ya kaunta.
Kwa Nyanzobe alikufa dume, wakafa watoto tisa,
akabaki jike mmoja mweusi, sikio limechanika,
anatafuna vichwa vya dagaa
kama mtu aliyechelewa kupewa habari.

"Kwa nini huyu?"
Sikuwa na jibu. Nilikuwa na mkasi.

*

Saa nne usiku, chumba cha giza.
Jenereta linakohoa uani.
Chini ya hadubini kromosomu zake thelathini na nane
zimetawanyika kama nguo za watoto
upepo ulipokata kamba.
Nazikusanya mbili mbili, ndefu na ndefu mwenzake,
fupi na fupi. Moja ya mama, moja ya baba,
na kila mmoja wao, kabla ya kutoa,
alikata na kuunga ya bibi na babu
hata hujui kiraka kipi kilitoka shuka gani.

Ila walio karibu hawaachani upesi.
Kulwa na Doto wakishikana mikono soko la Kirumba
umati utawapita pembeni;
aliye nyuma hatua ishirini
anapotezwa na toroli moja la sangara.
Basi nahesabu. Alama hii na ile,
katika watoto mia wa mabanda ya Usagara na Kisesa,
mara ngapi zimetoka pamoja,
mara ngapi kila moja imeshika njia yake.
Ramani yangu haina rula.
Ni daftari la kuachana.

Mama yangu hamli mdudu wala hamtaji.
Huniuliza kazini nashika nini hasa,
na kabla sijajibu amenisogezea maji na sabuni.
Namwambia, mama, natafuta mawe.
Anasema Mwanza nzima ni mawe,
kwa hilo tu wanakulipa?

Karibu na saa sita kitone cha kijani kikawaka
kwenye mkono wa ile ya saba.
Kikawaka na pacha wake, ng'ambo, mahali palepale.
Nikazuia pumzi kama anayebeba bakuli lililojaa.
Halafu jenereta likanyamaza,
nikabaki gizani na jicho langu kwenye lenzi,
bado naviona vyote viwili.

*

Jumapili nikapanda tena. Jiwe la simenti. Mkuyu.
Nyanzobe alikuwa anakoroga pumba kwa mkono.
"Umeipata hiyo inayomlinda?"
Nikasema, nyumba sijaiona.
Nimepata jiwe, na nadhani nyumba iko jirani.
Na hata jiwe lenyewe silishikii kiapo:
jike mmoja si ushahidi, huenda ni bahati,
huenda siku ile hakula kutoka ndoo ya wenzake.

Akacheka hadi pumba zikamwagika.
"Ndivyo tunavyoishi huku. Endelea kunusa."

Kisha akanionyesha tumbo la jike.
Dume la kuazima, kutoka Usagara; amelipia
kwa mtoto mmoja ambaye bado hajazaliwa.
Atakapozaa nataka kila sikio.
Nimemwachia vichupa kumi na viwili,
amevipanga dirishani, kati ya chumvi na mafuta ya taa,
vitupu, vifuniko juu.