Pete ya Mnana

Saa kumi na moja na robo, Kashani.
Tope limeninyang'anya champali moja.
Shufaa acheka kwa pua, tochi i mdomoni,
amnasua mnana wavuni, ukucha kwa ukucha,
kama achambuaye uzi uliotatana.

Koleo ni la marehemu baba, sonara wa Kibokoni.
Lilizoea dhahabu, na vidole vya maharusi
vilivyotoka jasho. Leo labana alumini
nyepesi kama ganda la kitunguu
mguuni pa ndege asiyeposwa na mtu.

«Ngoja,» asema. «Huyu anayo.»

Namba zimelika. Twazisoma kwa kukisia:
tatu, tisa, saba. Au moja?
Nafungua daftari lenye doa la chai.
Ni saba. Miaka sita iliyopita, mwandiko wangu,
zama zile ningali naikata saba kiunoni.

Bawa, milimita sabini na tano: vilevile.
Uzito, gramu thelathini na nane.
Mnana hajapungua.
Wavu wa tano ndio hatuutegi tena;
palipokuwa na matete yake
pana ukuta, na geti la buluu.

Nakunjua kiganja.
Haagi. Aacha tone jeupe
juu ya safu ya Maoni.

Sikulifuta.