Hesabu za Stambuli

Kaunta buku ni ileile ya harusi ya Mwajabu,
kurasa za mbele zina majina ya waliochanga
na, kwa herufi kubwa, ya walioahidi.
Nimeigeuza nyuma-mbele. Kwa kalamu nyekundu
nimeandika: STAMBULI, SIKU TISA.

Miaka kumi na tisa nawaonyesha watu Kaole.
Nawapokea langoni, nawahesabu, nawapa maji,
huu msikiti, lile birika, haya makaburi,
angalieni mguu, jiwe limelegea.
Maana ya jina Bagamoyo nimeieleza
hadi mwenyewe siijui tena.
Sasa zamu yangu. Nataka kuwa mgeni:
nicheleweshe basi, nivae kofia mbaya,
niulize swali la kipuuzi, nijibiwe kwa adabu,
nifuate mwavuli wa mtu nisiyemjua
na akisema "karne ya sita" niitikie "aaa!"
kama wanavyoniitikia mie, macho yakitafuta kivuli.

Pazi kavaa miwani yake ya kusomea mita za umeme.
Anasema, siku ya kwanza tulale.
Nasema, nauli yote ile twende tukalale?
Basi tramu, anasema, nataka nione nyaya zinavyopita.
Nikaandika: tramu (Pazi). Msikiti wa buluu (wote).
Soko lenye paa, nusu siku.
Akafuta nusu siku, akaandika saa moja.
Nikafuta ya kwake.
Karatasi imetoboka hapo.

"Na nje ya mji?"
Nikamwonyesha picha: usiku mmoja wa basi
kuna nchi ya mawe yaliyosimama kama vichuguu,
watu wamechimba vyumba ndani yake,
na alfajiri wageni hupandishwa kwenye kapu,
puto la moto likawanyanyua.
"Kapu?"
"Kapu."
"La ukindu?"
"Sijui la nini."
"Na linakwenda wapi?"
"Unakokwenda upepo."
Akavua miwani. "Mke wangu, mimi fundi.
Kitu kisicho na swichi sikipandi."

Upatu wangu unatoka mwezi wa saba.
Yeye anamdai mtu wa Dunda,
aliyefungiwa umeme nyumba nzima
akalipa nusu na salamu.
Jumlisha. Toa viza, toa nauli, toa zawadi,
maana hurudi kutoka Stambuli mikono mitupu
ukapita Magomeni salama.
Zinapungua laki nane.
Tukautazama ukurasa kama unavyotazamwa mguu uliovimba.
Nikakata chai ya hotelini, tutanunua mkate.
Akaanza kukata tramu yake mwenyewe.
Nikamnyang'anya kalamu.

Jumamosi nipo langoni, nina kundi la watu sita,
namwona anakuja na baiskeli, shati la Idi,
kofia mbaya.
Akalipa kiingilio. Akadai risiti.
"Nafanya mazoezi," akasema, akajipanga nyuma.
Miaka kumi na tisa, hajawahi kuvuka lile lango.
Nikaeleza msikiti. "Aaa!"
Nikaeleza birika. Akauliza
fundi wake alilipwa kwa siku au kwa kazi.
Tulipofika kwenye kaburi la mke na mume
nikasema yale ninayoyasema siku zote,
akanyoosha kidole kama mwanafunzi:
"Samahani, mama. Hawa wawili
waliwahi kwenda mahali pamoja?"

Wageni wote wakanigeukia.
Pale nina jibu la kila kitu,
hata la vitu visivyokuwepo.
Nikasema tuendelee,
angalieni mguu.

Usiku nikafungua daftari.
Kapu nikalikata, bila kinyongo, au kidogo tu.
Kando ya tundu la karatasi nikaandika: tramu,
mwanzo wa njia mpaka mwisho wa njia, kiti kimoja.
Nikafuta (Pazi), nikaandika (wote).
Laki nane bado zinapungua.
Yule wa Dunda kesho nitamwendea mwenyewe.