Swichi Iliyoganda

Santuri mia mbili zililala Malaba siku tisa,
afisa wa ushuru akiuliza: sahani gani hizi, za kulia nini?
Tukazikomboa kwa pesa za giaboksi ya Fuso.

Sasa moja iko gerejini kwa Oketcho, Tororo,
nyeusi kama oili chafu,
jina letu katikati, herufi moja imerukwa.
Nyafwono anainusa. Tairi jipya, anasema.

Mashine ya kuichezea hatuna.
Emuron akaifuata ya shangazi yake, Agururu:
kabati zima, limefungwa kwa mpira juu ya bodaboda,
swichi ya mwendo imeganda thelathini na tatu.

Sindano ikashuka.
Hasira yetu ya dakika mbili ikaanza kujivuta,
gitaa kama bati linaloburuzwa kwenye lami,
ngoma zangu zinachechemea,
na Nyafwono, aliyepayuka siku ile hadi akatema damu,
akatoka na sauti ya babake,
yule wa kiwanda cha saruji,
kabla ya kifua.

Fundi rangi akazima kompresa.
Bisibisi ilikuwa mkononi mwangu. Nikairudisha mfukoni.

"Geuza," Nyafwono akasema,
"tusikie upande wa pili anasemaje."