Kimono cha Mfuko wa Unga

Mvua ya Bukavu haiulizi nani ana mtihani Jumamosi.
Kimono kimetundikwa juu ya mbabula tangu jana,
kinanuka moshi, kidogo na sambaza,
na mgongoni, hata baada ya kuchemshwa mara tatu,
bado pasomeka: KILO HAMSINI.
Nilikishona mwenyewe. Mifuko miwili ya unga,
mikono nikaikata kwenye shuka la zamani.
Nsimire akakivaa, akajigeuza mbele ya kioo cha wateja,
akasema, Mwalimu, mimi ni kilo ishirini na tisa tu.
Nikamwambia, hizo nyingine utazipata.

Saa kumi na moja alfajiri tunafungua sali ya parokia,
tunasogeza mabenchi ya kwaya,
tunapangusa sementi, maana jana palikuwa na harusi
na mtu alimwaga fanta.
Watoto kumi na saba, pekupeku.
Ichi, ni, san, shi.
Bibi M'Cirhuza, anayepita na gunia la makala,
husimama dirishani hapo hapo, kwenye nne:
"Shi! Hata huko Japani wametutaja!"
Hucheka mpaka makala yanalia mgongoni.
Sijawahi kumsahihisha.

Mnaniuliza nafundisha nini.
Nafundisha kuanguka.
Mnacheka: Kadutu hii, nani hajui kuanguka?
Ngazi zetu zimechongwa kwa jembe,
mwezi wa kumi na moja hata mbuzi anateleza.
Ndiyo. Lakini ninyi mnaanguka mkibishana na ardhi,
mikono mbele, kiwiko kinavunjika.
Kidevu kifuani, nasema. Pumzi nje.
Viringika, kama kibiringo kilichonitoroka mezani:
kinafika chini, na uzi haujakatika.

Na kusimama, je?
Goti la mbele limepinda, mguu wa nyuma umenyooka,
kisigino hakiagi udongo.
Ndivyo mama yangu alivyopanda na bidoni la lita ishirini
kutoka bombani mpaka mlangoni, miaka thelathini,
hakuna aliyempa mkanda.
Alikuwa na kitenge kiunoni,
na fundo lilikuwa hili hili.

Ijumaa, foleni ya maji.
Kijana mmoja akasukuma bidoni langu kwa mguu, akaweka lake.
Watu wote wakanigeukia. Si huyu ndiye wa karate?
Niliona shingo yake iko wazi.
Niliona goti lake limebeba uzito wote, goti la kijinga.
Mkono wangu ulikwisha kujua.
Nikainama.
Nikaokota kifuniko matopeni, nikakifuta,
nikaenda mwisho wa foleni.

Nsimire alikuwa pale. Hakunisalimu.
Jumatatu hakuja. Jumanne hakuja.
Usiku umeme ukarudi, dakika arobaini,
nikakanyaga cherehani mbio, sare za shule, vifungo, pindo,
huku nikijiuliza kama ile ilikuwa amani
au ni woga uliojifunga mkanda mweusi.
Sindano ilinichoma kidole. Sikuwa na jibu zuri.
Hata leo sina.

Jumatano mvua ilipiga bati hadi hatukusikiana.
Akaingia, bidoni limejaa, kichwani,
akalitua mlangoni bila kumwaga tone,
akavua kandambili, akazipanga, ncha zikitazama nje.
Akainama. Hakuuliza kitu.
Ngumi yake ya kwanza ilikuja na ghadhabu yote ya siku tano,
ikanirudisha hatua moja kamili.
Kiwiko kimetoka nje, nikasema. Tena.

Ichi. Ni. San.
Tukangoja kidogo hapo, sote, bila kuagizana.
Dirisha lilikuwa tupu;
labda mvua, labda makala yamepanda bei.

Shi.