Michembe ya Umeme

Mashine imekaa juu ya kabati la vyombo,
trei tano, feni moja,
inavuma kama nyuki wa Sikonge waliokosa ua.

Tangu Kwaresima sili kilichopita motoni.
Kasanda hujisongea ugali wake kimyakimya,
hufunika sufuria ili nisipate harufu.

Leo nimekata viazi vitamu, vyembamba hivi
kwamba naona kivuli cha kidole upande wa pili.
Nyanya. Papai nusu. Majani ya mlenda.
Nyuzi arobaini na mbili, si zaidi:
joto la mtoto mwenye homa kali.

Uniti za luku zinashuka.
Saa kumi na nne kwa kiganja kimoja cha papai;
naandika kwenye daftari, nyuma ya hesabu za kikoba.

Mama mkwe kaja kutoka Ndono.
Akavuta trei, akachungulia,
akacheka mpaka akatafuta kigoda.
"Kalunde mwanangu, si michembe hii?
Mimi naanika juu ya mwamba.
Jua la Julai halijanidai hata senti."
Akafungua pindo la khanga:
vipande vyeupe, vikigongana kama kokoto.

Saa moja usiku umeme ukakatika.
Feni ikashusha pumzi, ikanyamaza.

Gizani, Kasanda kanyoosha mkono mezani,
kwenye trei au kwenye khanga, sijui.
Tulisikia meno tu,
kwa muda mrefu,
kisha mkono ukarudi tena.