Hesabu ya Mkia

Tunamwita Karani:
doa jeusi nyuma ya sikio,
kama kalamu ya mtu wa ofisi ya gombolola.

Alipopandwa na dume la Soyekwo
mkia wake ulikuwa mfuko wa unga.
Akikaa, nao ulikaa pembeni yake.
Siku nimeziandika kwa mkaa ukutani mwa jiko,
tano tano, kila tano na mstari wa kuzifunga.
Siku ya mia na thelathini nikaushika:
ngozi, mfupa, ngozi.

Daktari Mangusho alipanda Kwosir kwa pikipiki,
matope hadi magotini.
Akapapasa tumbo, akanyanyua vidole viwili.
Akasema kondo la nyuma linatoa homoni
inayomnyima mama sukari yake mwenyewe.
Insulini inabisha hodi, misuli haifungui.
Sukari inapita mlangoni pake, inakwenda kwa wageni,
naye anachoma akiba ya mkia
mpaka ini linaelemewa na mafuta.

Kondo, kondoo:
herufi moja tu kati ya mpangaji na mwenye nyumba,
na mpangaji ndiye mwenye funguo.

Usiku nikanusa pumzi yake.
Tamu. Utamu mbaya,
wa ndizi zilizosahaulika guniani.
Alikuwa anatazama ukuta.
Majani ya viazi niliyomletea
yalilala mbele yake kama barua ya deni.

Molasi kwa chupa ya soda,
taratibu, pembeni mwa mdomo, asije akapaliwa.
Alfajiri. Mchana. Usiku wa manane, ukungu wa mlima
ukiingia zizini bila kubisha.
Mama alisimama mlangoni, blanketi mabegani.
“Wewe ulinigharimu meno mawili,” akasema,
akarudi kulala.
Sikuwa najua.

Daktari alikuwa ameongeza neno moja
pikipiki ikiwa tayari inanguruma:
si mama anayechagua siku.
Ni mtoto. Nafasi ikimbana,
tezi zilizo juu ya figo zake, ndogo kuliko maharage,
zinatuma ujumbe.
Projesteroni, iliyoshikilia komeo miezi yote hii,
inaanguka,
na mlango unafunguliwa kutoka ndani.

Basi simngoji Karani.
Nawangoja wawili wale gizani
wanaomaliza mkia wa mama yao
bila kujua kwamba una mwisho.

Nimemwegemea. Mmoja wao ametupa teke,
limevuka ubavu wake, likafika kwenye ubavu wangu.
Leo amekubali jani moja la kiazi,
akalitafuna muda mrefu,
kama mtu anayekagua risiti.

Mkaa umevunjika mkononi.
Nimeandika kwa kipande kilichobaki:
mia na thelathini na nne.