Punje ya Mpunga

Mama yako kaingia zamu ya usiku, hospitali ya Wete,
basi leo, Sabiha, ni mimi na wewe.
Njoo. Si hapo mlangoni. Hapa mkekani,
mgongo wako kifuani kwangu,
uso juu kidogo, kama unahesabu mabati.

Nimetia dawa kiasi cha punje ya mpunga.
Usinitazame hivyo. Najua ni tamu.
Juzi ulikamua nusu nzima ukailamba kama asali,
ndiyo maana siku hizi inalala juu ya kabati.
Haya, fumbua. Lia kama mbuzi wa Bi Time.

Taratibu, mviringo mdogo mdogo,
pale jino linapokutana na ufizi.
Sisugui sufuria.
Sasa nyuma, kwenye magego,
huko ndiko halua ya maulidi inakojificha
ikidhani tumeisahau.

Umeung'ata mswaki.
Umeung'ata tena.
Nasubiri; karafuu nimeshazianua, mvua ikija na ije.

Na kukimbia nao mdomoni, hapana!
Shaame wa jirani alijikwaa kizingitini,
kaakaa likashonwa nyuzi mbili,
wiki nzima anakunywa uji uliopoa.

Tema.
Umemeza.
Tema, mwanangu, hivi, nitazame:
tunatema uani wote wawili
kama vikongwe waliomaliza tambuu,
na mate yako yananiangukia mguuni.

Sasa unadai zamu yako.
Nakukabidhi mswaki wangu, natanua kinywa.
Unachungulia kama mkaguzi anayefungua gunia
akitafuta karafuu zenye unyevu.
“Baba, hili limekwenda wapi?”

Nilikuwa na miaka tisa. Bibi yako
alinitilia karafuu moja tunduni, akasema: uma.
Nikauma. Maumivu yakalala,
jino likaendelea kuoza usingizini mwake
hadi siku ya koleo.
Nyumba nzima ikinukia karafuu, mikeka hadi barazani,
na hakuna aliyetwambia: usiku, kabla ya kulala.

“Limeliwa na halua,” nakwambia.
Hucheki. Unakunja uso,
unaanza kulisugua pengo,
mviringo mdogo mdogo,
kama jambo lililochelewa tu.
Dawa uliyotia ingetosha ukoo mzima.
Nimenyamaza.